Mzaha Mzaha Hutumbuka Usaha: Matusi katika Michezo ya Mtandaoni na Wajibu wa Mkristo



Wapendwa wazazi, walezi na vijana, jioni moja baada ya Misa, mama mmoja alinisubiri nje ya ofisi ya parokia. Alikuwa na jambo ambalo hakujua kama aliite dhambi au utoto. Usiku uliotangulia alimsikia mwanawe, kijana wa kidato cha tatu na mtumishi wa altare, akipaza sauti chumbani kana kwamba anagombana na mtu. Alipotega sikio, alitambua kwamba kijana alikuwa akicheza mchezo wa vita kwenye simu pamoja na watu asiowaona, na mmoja wao alikuwa akimporomoshea matusi ambayo, kwa maneno ya mama huyo, hayajawahi kutamkwa chini ya paa lile. Akaniuliza: “Padre, huyu ninayemwona altareni na yule niliyemsikia usiku, ni yupi aliye mwanangu?”

Nimepata ruhusa ya mama na ya kijana kulisimulia swali hilo hapa, kwa kuwa najua si nyumba moja tu inayolihitaji jibu lake. Watoto wetu wengi hucheza. Baadhi yao hucheza katika mabanda ya gemu mitaani, wengine kwenye simu janja, wachache kwenye kompyuta. Sisi wazazi na wachungaji mara nyingi tunauliza wanacheza kwa muda gani na kwa fedha kiasi gani. Ni mara chache tunauliza: wanapocheza, wanazungumza na nani, na wanasema nini?

Jambo lenyewe ni lipi?

Michezo ya kompyuta ya siku hizi si ile ya mtoto mmoja kushindana na mashine. Mingi huchezwa kupitia intaneti. Mashine hukusanya watu wasiojuana, kutoka miji na hata nchi mbalimbali, huwapanga katika timu kwa dakika chache, kisha huwatawanya. Wakati wa mchezo wanaweza kuandikiana ujumbe au kusikilizana kwa sauti. Kila mmoja ana jina la kubuni, na alama zake za ushindi humpandisha au kumshusha daraja.

Hapo ndipo unapozuka mwenendo ambao wachezaji wenyewe wameupa jina la sumu. Kuna kutukana, kumdhihaki aliyekosea, kubagua kwa rangi, kwa taifa au kwa jinsia. Kuna pia kuharibu mchezo wa timu yako mwenyewe kwa makusudi ili kumkomoa mwenzako, kumwandama mtu baada ya mchezo kwisha, na hata kumtishia maisha. Si jambo la wachache. Mwaka 2019 shirika la Marekani liitwalo Anti-Defamation League liliwahoji watu wazima wa nchi hiyo wanaocheza na wenzao mtandaoni. Asilimia 74 walisema wamewahi kupatwa na aina fulani ya unyanyasaji wakiwa mchezoni.

Kila mchezo na kishawishi chake

Mzazi asidhani kwamba sumu hii hukaa katika michezo ya bunduki peke yake. Kila aina ya mchezo ina mlango wake wa kuingilia dhambi, kama vile kila hali ya maisha ilivyo na vishawishi vyake.

Tuanze na michezo ya timu kama League of Legends, iliyotoka mwaka 2009, na Dota 2, iliyotoka mwaka 2013. Watu watano hupambana na watano, mara nyingi kwa nusu saa au zaidi. Kosa la mmoja humwongezea adui nguvu, na nguvu hiyo huwaumiza wenzake wanne hadi mwisho. Anayetoka kabla mchezo haujakwisha huadhibiwa, kwa hiyo wote wanabaki wamefungiwa pamoja na hasira zao. Kishawishi cha hapa ni kumtafuta wa kumtwisha lawama. Adui hatukanwi sana. Anayetukanwa ni mwenzako wa upande mmoja, kwa sababu ukikiri kwamba nawe ulikosea, umepoteza kisingizio.

Katika michezo ya kufyatua risasi, kama Call of Duty, Counter-Strike au Overwatch, mambo hwenda haraka na wachezaji huelekezana kwa sauti. Sauti humfichua mtu. Mara inaposikika sauti ya msichana, ya mtoto, au lafudhi ya kigeni, wapo wanaoanza kumdhalilisha kabla hajafanya kosa lolote. Mwaka 2016 msichana wa Korea Kusini, Kim Se-yeon, aliyekuwa na umri wa miaka 17, aliucheza mchezo wa Overwatch kwa ustadi mkubwa hata baadhi ya washindani wake wakamtuhumu kwamba anatumia programu ya wizi. Alipokea hata vitisho vya kuchomwa kisu. Ilimlazimu akae mbele ya kamera na kucheza huku watu wakiitazama mikono yake, ndipo ikathibitika kwamba kipaji chake ni halali. Mwaka 2018 alikuwa mwanamke wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya mchezo huo. Tunafurahi kwa ajili yake. Lakini tujiulize ni wasichana wangapi waliotuhumiwa kama yeye wakaondoka kimya kimya, kwa kuwa hakukuwa na kamera ya kuwatetea.

Michezo ya kupigana ngumi na mateke, kama Street Fighter na Tekken, ni ya mtu kwa mtu. Hapa hakuna mwenzako wa kumlaumu. Kishawishi ni kumwonea aliyeshindwa na kumfanya ajione si kitu. Mwaka 2012, katika mashindano yaliyoandaliwa na kampuni ya Capcom na kuoneshwa moja kwa moja mtandaoni, mchezaji wa kike alisumbuliwa kwa siku kadhaa kwa maneno ya kuudhalilisha mwili wake, hata akaacha kushindana. Aliyemsumbua alikuwa kiongozi wa timu yake mwenyewe. Alipoulizwa, kiongozi huyo alijitetea kwamba maneno ya namna ile ni sehemu ya utamaduni wa michezo hiyo. Baadaye aliomba radhi, lakini kisingizio chake kingali hai: “Sisi ndivyo tulivyo.” Namshukuru Mungu kwamba hapa kwetu Afrika Mashariki wako mabinti wasiokikubali kisingizio hicho. Mkenya Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa nchi yake.

Halafu ipo michezo ya mpira wa miguu, ambayo ndiyo mingi katika mabanda ya gemu mitaani kwetu. Vijana wawili wakikaa bega kwa bega, kila mmoja na pedi yake, kelele ni nyingi lakini mara nyingi mkono wa pongezi hutolewa. Wakicheza wawili haohao kupitia intaneti na watu wasiowajua, bao likifungwa hurudiwarudiwa makusudi ili kumkera aliyefungwa, na mchezo ukiisha huanza ujumbe wa matusi.

Hata sataranji, mchezo wa kimya na wa wenye fikra, haukusalimika. Sumu yake ni tuhuma. Kwa kuwa kompyuta sasa humshinda binadamu yeyote katika mchezo huo, anayefungwa hujiuliza kama mwenzake anasaidiwa na mashine. Septemba 2022, katika mashindano ya Sinquefield Cup mjini Saint Louis, bingwa wa dunia wa wakati huo, Magnus Carlsen, alifungwa na kijana wa miaka 19, Hans Niemann. Kesho yake akajitoa mashindanoni, na baadaye akatamka hadharani kwamba anaamini kijana huyo ni mdanganyifu. Niemann alikiri kwamba aliwahi kudanganya katika michezo ya mtandaoni alipokuwa mdogo, lakini alikana kabisa kufanya hivyo mezani. Ushahidi wa udanganyifu katika mchezo ule haukupatikana. Desemba 2023 shirikisho la sataranji la kimataifa, FIDE, lilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujitoa bila sababu halali, huku likimwondolea mashtaka mengine. Wakati huo wote, dunia nzima ilikuwa imekwisha kumhukumu kijana kwa vicheko na kejeli.

Wenye sumu ni akina nani?

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wenu zaidi, kwa sababu jibu lake si lile tunalolitarajia. Tukisikia habari hizi, tunafikiri wapo watu fulani waovu, nje huko, wanaoiharibu michezo ya wengine. Tukiwafungia hao, amani itarudi.

Kampuni ya Riot Games, inayomiliki League of Legends, ilifikiri hivyo pia. Iliunda kikundi cha wataalamu wa saikolojia na takwimu, wakachunguza mazungumzo ya wachezaji wao. Mmoja wa viongozi wa kazi hiyo, Jeffrey Lin, alieleza hadharani walichokikuta. Wachezaji walio waovu siku zote walikuwa kama asilimia 1 tu, nao walizalisha kama asilimia 5 tu ya sumu yote. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilitoka kwa watu wa kawaida, ambao siku nyingi ni waungwana, lakini siku hiyo mambo yaliwaendea vibaya. Aliyetukanwa katika mchezo mmoja aliingia mchezo unaofuata akiwa na uchungu, akamtukana mwingine, na yule mwingine akaupeleka uchungu huo mbele zaidi.

Ndugu zangu, haya ni mafundisho ya dhambi ya asili yaliyoandikwa kwa tarakimu. Adui hayuko nje ya kijiji peke yake. Anayetukana ni mtumishi wa altare aliyepata alama mbaya shuleni. Ni mwanakwaya aliyekosana na mchumba wake. Ni baba mwenye nyumba aliyerudi kazini amechoka. Ni mimi na wewe.

Kwa nini basi mtu huyohuyo hatukani sokoni au kwenye daladala? Mwanasaikolojia John Suler, katika makala yake ya mwaka 2004, alieleza kwamba mtandaoni breki za mtu hulegea. Hajulikani jina lake, haonekani uso wake, wala yeye hauoni uso wa mwenzake unapobadilika. Anahisi kama anazungumza na kivuli ndani ya kichwa chake mwenyewe. Machozi ya mwenzetu ni breki aliyotuwekea Mungu. Tusipoyaona, tunaserereka.

Lakini utani si sehemu ya mchezo?

Vijana huniambia: “Padre, ule ni utani tu. Mbona watu wa Simba na Yanga wanataniana?” Hoja hii inastahili jibu la heshima, kwa kuwa utani ni hazina ya mababu zetu. Penye bao la barazani pana maneno, na mchezo usio na maneno umepoa. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali katika karne ya 19, na leo ni watani. Silaha ziligeuzwa kuwa maneno, na maneno yakageuzwa kuwa undugu.

Tazameni, hata hivyo, utani wa kweli umejengwa juu ya nini. Kwanza, watani wanajuana. Anayetania anajua anamtania nani, na ni wapi pasipoguswa. Pili, utani ni wa pande mbili. Leo unanicheka, kesho nakucheka, na hakuna aliye chini ya mwingine. Tatu, na hili ndilo kubwa, utani una wajibu. Mtani wako akifiwa, wewe unakwenda msibani. Unatania hata penye jeneza, lakini pia unashika jembe la kuchimba kaburi, unapika, unawafariji wafiwa.

Sasa tuupime utani wa mtandaoni kwa mizani hiyo. Anayetukanwa hajulikani. Mara nyingi hana nafasi ya kujibu, au akijibu huzidishiwa. Na akiumia, hakuna atakayekwenda kumtazama. Huo umechukua mdomo wa utani, ukaiacha mikono yake. Wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Walituonya pia kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani.

Neno lilipoua

Upo msemo kwamba maneno makali hayavunji mfupa. Habari ifuatayo inaukanusha, nami naisimulia kwa huzuni.

Desemba 2017 vijana wawili wa Marekani waligombana juu ya mchezo wa Call of Duty waliouwekea dau la dola 1.50. Matusi yalipanda hadi vitisho. Mmoja akatafuta mtu wa tatu, aliyekuwa Los Angeles, mwenye sifa ya kuwapigia polisi simu za uongo ili wavamie nyumba za watu. Mwingine, kwa kiburi cha kutokubali kutishwa, akatoa anwani ya nyumba mjini Wichita ambako hakuwa akiishi tena, kana kwamba anasema: njooni. Tarehe 28 Desemba simu ikapigwa. Mpigaji alijifanya kwamba amemuua baba yake na kuwashikilia wengine wa familia. Polisi wakaizingira nyumba ile. Mwanamume wa miaka 28, baba wa watoto wawili, akatoka mlangoni kutazama kuna nini, akapigwa risasi na kufa. Yeye hakuwa akicheza mchezo wowote. Hakuwajua hao waliogombana. Mwaka 2019 aliyepiga simu alihukumiwa kifungo cha miaka 20.

Sisemi kwamba kila tusi huishia kaburini. Nasema kwamba hakuna hata mmoja wa watu wale watatu aliyeuona uso wa yule aliyekufa. Kila mmoja alidhani angali mchezoni.

Kanisa linatufundisha nini?

Mama Kanisa haipigi vita michezo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 168, anafundisha kwamba kama mwili unavyohitaji pumziko, roho nayo huchoka na kuhitaji burudani. Upinde usiolegezwa kamwe huvunjika. Anaona kuwa ni kasoro hata kwa mtu asiyejua kabisa kufurahi na kuwaburudisha wenzake. Lakini anaweka masharti, na la kwanza ni kwamba furaha isitafutwe katika matendo au maneno machafu au yenye kumdhuru mwingine. Sharti la pili ni kwamba moyo usipoteze utulivu wake. La tatu, mchezo ulingane na mtu, wakati na mahali. Masharti haya ya karne ya 13 yanatosha kubandikwa ukutani katika kila banda la gemu.

Thoma huyohuyo anatofautisha dhambi za ulimi kwa makini. Tusi la mbele ya mtu humpokonya heshima. Masengenyo ya nyuma yake humpokonya jina jema. Dhihaka humwondolea amani ya moyo kwa kumwaibisha. Laana humtakia mabaya. Katika mchezo mmoja wa nusu saa, zote nne zinaweza kutendeka. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2477 na 2478, inatukataza kumhukumu mwenzetu bila msingi wa kutosha, na inatutaka tuyapokee maneno na matendo yake kwa tafsiri njema kadiri inavyowezekana. Aliyefungwa sataranji asome namba hizo kabla ya kuandika neno “mwizi”.

Bwana wetu Yesu Kristo, katika Mt 5:21-22, anaitaja amri ya kutoua, kisha anaiweka hasira na neno la dharau chini ya hukumu hiyohiyo. Mtume Yakobo, katika sura ya 3 ya barua yake, anaufananisha ulimi na moto mdogo unaoteketeza msitu mkubwa, na anashangaa kwamba kinywa kilekile kinamhimidi Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wake. Hilo ndilo hasa lililomshangaza mama yule mlangoni mwa ofisi yangu.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume “Fratelli tutti” wa mwaka 2020, namba 44, alieleza jinsi ulimwengu wa kidijitali unavyoufungulia ukatili wa maneno mlango ambao ana kwa ana ungekuwa mgumu kufunguka. Naye Baba Mtakatifu Leo XIV, siku chache baada ya kuchaguliwa kwake mwezi Mei 2025, alipokutana na wanahabari alitoa wito wa kuyavua maneno silaha. Wito huo ni wa kila aliye na simu mkononi.

Tufanye nini?

Kwa wazazi na walezi: kaa karibu na mtoto anapocheza, angalau mara moja moja. Muulize mchezo unachezwaje, nani yuko katika timu yake, na nani amemkasirisha leo. Mtoto anayecheza bila vipokea sauti masikioni, sebuleni, huku mama akimenya viazi, hutukana mara chache kuliko aliyejifungia chumbani. Mfundishe kuinyamazisha sauti ya mchezaji anayemsumbua, kuripoti, na kutoka bila kujibu. Na tujitazame sisi wenyewe: mtoto aliyemsikia baba yake akimtukana mwamuzi mbele ya televisheni amekwisha kupata somo la kwanza.

Kwa vijana: jiwekee mipaka kabla hujaanza, maana katikati ya hasira mtu hajui kupanga. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alipenda kompyuta na michezo ya PlayStation, naye alijiwekea kikomo cha saa moja kwa juma. Ukifungwa mara mbili mfululizo na damu inachemka, weka simu chini, kunywa maji, toka nje. Na ukimwona mwenzako anaonewa, neno moja la kumtetea lina thamani. Ukimya wa wengi ndio unaompa mmoja ujasiri wa kuonea.

Kwa wenye mabanda ya gemu na viongozi wa VIWAWA na TYCS: kwa nini tusiandae mashindano yetu parokiani, yenye mwamuzi, yenye kupeana mikono kabla na baada, na yenye zawadi kwa mchezaji muungwana sawa na zawadi ya mshindi? Mchezo si adui yetu. Tukiuacha, wengine watawafundisha watoto wetu namna ya kuucheza.

Jambo la mwisho ni la dhamiri. Watafiti wale wa Riot Games waligundua kitu ambacho muungamishi yeyote angeweza kuwaambia. Mchezaji aliyefungiwa bila kuelezwa sababu alirudi na hasira ileile. Aliyeoneshwa maneno yake mwenyewe, kama alivyoyaandika, alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubadilika. Kabla ya kulala, basi, soma ulichoandika leo. Usikisome kama mchezaji. Kisome kama mama yako angekisoma. Huo ni utafiti wa dhamiri. Kisha uupeleke katika Sakramenti ya Upatanisho, ukijua kwamba, kadiri ya Katekisimu namba 2487, aliyeliharibu jina la mwenzake ana wajibu wa kulitengeneza. Kuomba msamaha kwa Mungu hakutuondolei deni tulilo nalo kwa jirani.

Nilimjibu mama yule kwamba wote wawili ni mwanawe, na kwamba Kristo amewaita wote wawili. Juma lililofuata kijana alikuja mwenyewe. Hakuwa na maneno mengi. Alisema ametafuta jina la yule aliyemtukana katika orodha ya michezo iliyopita, akamwandikia kumwomba radhi. Nikamuuliza kama amejibiwa. Akasema, “Hapana, Padre. Pengine hatajibu.” Kisha akaniuliza kama anaweza kutumikia Jumapili.

Injili inatuambia kwamba ukiileta sadaka yako altareni, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka yako na uende kwanza kupatana naye. Ndugu huyo anaweza kuwa na jina la kubuni na picha ya joka badala ya uso. Bado ni ndugu. Kijana alikwenda kwanza, ndipo akarudi. Jumapili ile alishika chetezo.

Mwenyezi Mungu azilinde ndimi zetu na michezo ya watoto wetu. Amina.